Maandalizi ya LSAT kwa anayefanya kazi usiku

Swali
Ndugu zangu, dada yenu naishi Minneapolis, nafanya kazi zamu ya usiku, na nakusudia kufanya LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani, ili niombe nafasi ya kusoma sheria. Ufahamu naumudu, lakini sehemu ya hoja hunimalizia muda. Nianzie wapi?

Jibu la 1
Dada, anzia hapohapo kwenye hoja, kwa sababu tangu Agosti 2024 mafumbo ya mantiki yameondolewa, na sasa sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa ni za hoja, kila moja dakika 35. Tafuta kwanza hitimisho la mwandishi, kisha jiulize amedhani nini bila kukisema. Kwa mfano: "Mauzo yalipanda baada ya tangazo, kwa hiyo tangazo ndilo lililoyapandisha." Huenda bei ilishushwa wiki hiyohiyo, pengo ndilo hilo.

Jibu la 2
Naunga mkono. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali lolote wazi. Baadhi ya mitihani ya zamani hupatikana bure LawHub, tovuti ya waandaaji wa LSAT. Ukimaliza mmoja, yarudie maswali uliyoyatilia shaka, bila kujipimia muda, kabla ya kutazama majibu. Kufanya mitihani mfululizo bila kuipitia ni kutwanga maji kinuni.

Jibu la 3
Usisome ukitoka zamu, lala kwanza. Mtihani unaruhusiwa kurudiwa, na anayeumudu ufahamu kwa lugha isiyo ya mama yake, kwa maoni yangu, amekwisha kuvuka sehemu ngumu zaidi.