Tupeane uzoefu: umewahi kuhakiki kazi ya mapenzi ya jinsia moja? Ilikuwaje?

Habari zenu wadau. Naanza mimi. Niliwahi kuhakiki "Jambula Tree", hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyotwaa Tuzo ya Caine 2007. Wasichana wawili wa mtaa mmoja Kampala wanapendana, wanafumwa, mmoja anapelekwa London. Nikajaza kurasa mbili za sheria na dini. Mhariri akanirudishia na swali moja: "Hadithi yenyewe iko wapi?" Nilikuwa sijagusa hata kwamba msimulizi anamsemesha mwenzake "wewe, wewe" mwanzo hadi mwisho, kama barua. Niliona aibu. Haya, leteni yenu.

Bi Mkubwa wa Kisauni: Mimi kilichonitesa ni neno. Kwetu pwani shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke mwenzake, wa kusukana na kuzikana. Basi nikaandika kuhusu riwaya fulani, "anakwenda kwa shoga yake kuazima kanga." Wasomaji wa bara wakanijia juu: mbona umetoboa siri ya kitabu! Wallahi hakukuwa na siri, ilikuwa kanga tu. Ila tangu siku hiyo nikimtaja mhusika anayependa wa jinsia yake, nasema tu anampenda nani. Inatosha.

Mzee wa Siti ya Nyuma: Mada nyingine jamani 😂 Nasoma tu.

Tiketi Mkononi: Nairobi, Septemba 2018. Najua ni filamu si kitabu, mnivumilie. "Rafiki" ya Wanuri Kahiu ilikuwa imepigwa marufuku, Mahakama Kuu ikairuhusu siku saba tu, ili itimize masharti ya kuwania Oscar. Nilipanga foleni, nikatoka nimelewa furaha, usiku huohuo nikaandika sifa tupu. Baadaye nikaitazama tena nimetulia. Rangi zake, mtaa wake, aibu ya Kena na Ziki wakitazamana, vyote bado vinanikuna. Lakini baba zao wanagombea kiti kimoja, na mgogoro huo naona umeachwa unaning'inia. Mara ya kwanza niliuona, nikaufumbia macho kwa sababu serikali ilikuwa imeshaipiga vya kutosha. Mpaka leo sijui kama nilimtendea haki msomaji wangu.

Nakasero: Afadhali yako. Kampala 2012 ulichezwa mchezo wa mfanyabiashara shoga anayeuawa na wafanyakazi wake. Mtayarishaji, Mwingereza, alikamatwa. Kesi ikafutwa Januari 2013, mwezi uliofuata akafukuzwa nchini. Mie nilikuja kuhakiki mchezo mwingine wa aina hiyo, sebuleni kwa mtu. Mwigizaji wa mama alikuwa moto kweli. Niliandika "aliyecheza mama", basi.

Tiketi Mkononi: Yeye alisemaje?

Nakasero: Alinipigia simu. Alitaka jina lake litajwe.