Julai na Agosti na begi mgongoni: Thailand, Vietnam na Angkor, au Malaysia na Indonesia?

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu, habari za muda huu. Mimi na mdogo wangu tuna likizo ya wiki tatu kuanzia katikati ya Julai, tunaondokea Dar. Tunataka kuzunguka Asia ya Kusini-Mashariki wenyewe, bila wakala. Tunatafuta mji mkubwa wenye vyakula vya barabarani, mahekalu ya kale, na siku chache za ufukweni mwishoni. Nimechuja nikabaki na njia tatu:

Ya kwanza, Bangkok, treni ya usiku hadi Chiang Mai, kisha kushuka Krabi, pwani ya kusini ya Thailand.
Ya pili, Vietnam kutoka Hanoi hadi Ho Chi Minh kwa treni, halafu basi kuingia Kambodia, kumalizia Angkor, yale mahekalu ya kale, na kisiwa cha Koh Rong.
Ya tatu, Kuala Lumpur na Penang, ndege hadi Yogyakarta nchini Indonesia, kisha Bali.

Mliofika huko, ipi inafaa kwa miezi hiyo? Mdogo wangu hali kisicho halali, na hilo kwetu si dogo.

Nahodha Mstaafu
Mwanangu, kabla ya bei tazama upepo. Julai sisi tuko kwenye kusi. Upepo huo ukishavuka ikweta unageuka, na huko unafika ukitokea kusini-magharibi, umebeba maji. Krabi, Phuket na Koh Lanta zote zinautazama uso kwa uso. Bahari inachafuka, ufukweni wanasimika bendera nyekundu, na boti nyingine za visiwani hazitoki kabisa. Pwani hiyo msimu wake ni Novemba hadi Aprili, wakati wa kaskazi. Na Koh Rong iko kwenye mvua hiyohiyo, kwa hiyo usiitegemee kwa kuogelea.

Ukitaka bahari ya Thailand mwezi huo, nenda upande wa ghuba: Koh Samui, Koh Phangan, Koh Tao. Kule mvua kubwa inakuja Oktoba hadi Desemba. Da Nang na Hoi An pia Julai ni kukavu, ila jua ni kali. Bali ni kiangazi. Kwa hesabu ya bahari, njia ya tatu imeshinda.

Rehema_Nakuru
Naongezea kwa njia ya kwanza na ya pili. Zamani watu walikuwa wanaunganisha Bangkok na Angkor kwa basi kupitia Poipet, mji wa mpakani. Thailand na Kambodia zilipigana Julai 2025, na vivuko vya nchi kavu kati yao vilifungwa mwaka huohuo. Blogu nyingi bado zinaielekeza njia hiyo kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukitaka Angkor, ingia kutokea Vietnam kwa mpaka wa Moc Bai, au panda ndege.

Viza: Vietnam tangu Agosti 2023 inatoa viza ya mtandaoni kwa nchi zote, hadi siku 90, dola 25 kwa kuingia mara moja. Kwenye fomu unataja kituo utakachoingilia, kwa hiyo amua mapema. Kambodia nayo inatoa mtandaoni. Thailand kwa pasipoti zetu unaomba kabla ya safari. Malaysia Wakenya na Watanzania tunaingia bila viza, ila jaza kadi yao ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika.

Kijana wa Soko Matola
Mimi nasimama na njia ya pili, bahari au hakuna bahari. Reli ya Hanoi hadi Ho Chi Minh ni kilomita 1,726, na kipande cha Hue hadi Da Nang peke yake kinatosha kukupandisha ndege. Treni inapanda mlima wa Hai Van ikiwa imeshikilia ukingo, chini ni bahari na msitu. Ukielekea kusini kaa upande wa kushoto. Mabehewa ya kulala yako ya aina mbili: vyumba vya vitanda vinne vyenye godoro laini, na vya vitanda sita. Kwenye vya sita kitanda cha juu kabisa ni cha bei ndogo, lakini huwezi hata kukaa wima.

Angkor sasa. Tiketi ya siku moja ni dola 37, ya siku tatu ni 62. Chukua ya siku tatu, ile sehemu ni kubwa mno. Ukinunua jioni baada ya saa kumi na moja, tiketi ni ya kesho yake lakini unaruhusiwa kuingia kutazama jua likizama. Watu wote wanakimbilia alfajiri kupiga picha mbele ya bwawa la hekalu kuu, Angkor Wat. Wakirudi mjini kunywa chai, wewe ingia ndani kwenye varanda ya mashariki. Kuna ukuta mrefu wa michongo, miungu na mashetani wanamvuta nyoka kama kamba wakisukasuka bahari ya maziwa. Sogea karibu uone jinsi jiwe lilivyong'aa kwa mikono ya watu. Kazi ya karne ya 12 hiyo, na kila kidole kinaonekana.

Noti za dola zibebe safi. Iliyochanika hata kidogo hawaipokei.

Bi Mwanakombo
Wanangu, mimi nimewahi kupita njia ya tatu na kijukuu changu, na kwa anayetafuta halali hakuna ya kulinganisha. Kuala Lumpur hadi Butterworth ni treni ya saa nne hivi, ukishuka unavuka kwa kivuko hadi George Town, mji wa Penang. Wali wa nasi kandar unamiminiwa mchuzi wa aina tatu nne juu yake mpaka wali hauonekani. Ila hata Penang uliza: vibanda vya Wachina vingi vinapika nguruwe. Siem Reap, mji wa jirani na Angkor, pia wako Waislamu wa Kicham, mikahawa yao iko jirani na msikiti. Vietnam ndiko mtatafuta sana.

Lakini lililonigusa ni Borobudur, karibu na Yogyakarta. Hekalu la karne ya 9, lina sanamu 504 za Buddha. Kupanda juu wanaruhusu idadi maalumu tu ya watu kwa siku, kwa tiketi maalumu na kiongozi, na mnavalishwa ndala za kusuka ili mawe yasiliwe. Kateni mapema mtandaoni, Agosti zinaisha. Mkifika, ulizeni michongo ya majahazi. Chombo kina tanga na kina matengo pembeni, kama ngalawa ya kwetu. Mwaka 2003 walikiunda kwa ukubwa kamili wakakiita Samudra Raksa, kikatoka Jakarta, kikapita Shelisheli na Madagaska, kikazunguka Cape Town hadi Accra mwaka 2004. Chombo chenyewe wamekiweka palepale hekaluni. Mimi nimekulia pwani, nilisimama pale nikashindwa kuondoka.

Kijana wa Soko Matola
Bibi, shikamoo. Hilo la jahazi sikulijua, nimeinua mikono kwa Borobudur. Kwa Bali bado nasita: Julai na Agosti ndiyo msongamano na bei za juu.

Rehema_Nakuru
Kweli. Kutoka Yogyakarta wapande treni ya mchana hadi Ketapang, kivuko hadi Bali si zaidi ya saa moja, wasikae kusini kwenye makelele. Wavuke hadi visiwa vya Gili, kule hakuna gari wala pikipiki, ni baiskeli na mikokoteni ya farasi. Na mkikodi pikipiki Bali, hakikisheni mna leseni ya pikipiki, si ya gari. Bima nyingi hazilipi mkianguka bila hiyo.

Mtoto wa Chumbageni
Shikamoo Nahodha, shikamoo Bi Mwanakombo. Wote asanteni. Tumekubaliana njia ya tatu, na Bali tunapita tu kuelekea Gili. Angkor na ile treni ya Hai Van tunavitengea likizo nyingine, ya Februari au Machi. Kuna kitu tumesahau?

Nahodha Mstaafu
Marahaba. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Malaysia wanaidai kwa anayetoka nchi zenye hatari ya homa hiyo, kwa hiyo msiiache. Chanjo inahesabika baada ya siku kumi, kwa hiyo msiende kuchanja wiki ya safari. Ukishachanja mara moja inatosha maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi.