Soketi iliyoungua, ufa juu ya dirisha, hita inayodondosha: kipi kianze?

Mlango_Kati:

Wakuu, naomba mawazo ya wanaojua ukaguzi wa nyumba. Kuna nyumba ya chini inauzwa, matofali ya saruji, paa la bati, ina miaka kama 15. Ndani imepakwa rangi upya yote, kwa hiyo mengi yamefunikwa, ila haya bado yanaonekana.

Soketi moja ya jikoni imekuwa kahawia kwenye tundu moja tu. Juu ya dirisha la chumba cha kulala kuna ufa wa mshazari, unaanzia kwenye kona na kupanda kuelekea darini, upana kama milimita 2. Sebuleni, kwenye ukuta unaopakana na nje, rangi inabanduka kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti, na kuna unga mweupe. Bafuni kuna hita ya tanki ya lita 80. Kibomba cha ile valvu ndogo ya chini kimefungwa kizibo cha chuma, na kizibo chenyewe kimelowa. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa moja kwa moja.

Mwenye nyumba anasema ni marekebisho madogo madogo na yuko tayari kuyafanya kabla ya mkataba. Kipi hapo ni cha hatari, kipi ni cha kula hela, na kipi naweza kukipima mwenyewe?

Bisibisi_Testa:

Mkuu, hita kwanza, na isisubiri mkataba. Mwambie mwenye nyumba aizime kwenye breka leo hii, hata kama nyumba hutainunua.

Kilichozibwa pale ni valvu ya usalama. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 60 yanapanuka kwa karibu asilimia 1.7, maana yake tanki la lita 80 linahitaji nafasi ya lita 1.3 hivi ya ziada kila linapopashwa. Kama bomba la kuingiza maji lina valvu isiyoruhusu maji kurudi, na hita nyingi za aina hiyo zinayo, maji hayo hayana pa kutokea ila kwenye kibomba hicho. Kwa hiyo kudondosha wakati hita inapasha ni kawaida kabisa. Mtu aliona sakafu inalowa, akaziba. Sasa thermostati (kidhibiti cha joto) ikigoma kukata, maji yatapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa, na siku tanki litakapopasuka presha inashuka ghafla, sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo. Kila lita inayogeuka mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ukuta wa bafu hauhimili kitu hicho.

Kurekebisha: zima umeme, acha tanki lipoe kabisa (usifungue kizibo likiwa la moto), funga koki ya kuingiza maji, fungua bomba la maji ya moto ili presha itoke, ndipo utoe kizibo. Valvu iliyozibwa muda mrefu usiiamini, weka mpya, na presha yake isizidi ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha tanki. Kibomba cha kutolea maji kishuke mwanzo mpaka mwisho, kisiwe na koki wala kizibo, kiishie karibu na sakafu, kama sentimita 15, mahali ambapo mtu anaona kikidondosha. Ikiwa valvu mpya inatoa maji saa zote, hata hita ikiwa baridi, pima presha ya maji ya nyumba kwa geji ya kufunga kwenye bomba la nje. Ikizidi bar 5 weka kipunguza presha.

Na joto lenyewe: ndani ya tanki liwe nyuzi 60, chini ya hapo bakteria wa Legionella wanapata nafasi. Lakini maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, mtoto mapema zaidi. Suluhisho si kushusha tanki, ni valvu ya kuchanganya maji karibu na bomba la kuogea.

Soketi. Kahawia kwenye tundu moja maana yake kuna muungano uliolegea mahali hapo: ama chemchemi ya tundu imechoka, ama skrubu ya nyuma haijakaza. Piga hesabu. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta ampea 8.7. Muungano uliolegea wenye ukinzani wa nusu omu tu unatoa joto la wati 38 pale pale, ni sawa na solda ya fundi redio iliyoachwa imewashwa ndani ya ukuta. Breka haitakata, kwa sababu ampea 8.7 kwake ni mzigo halali. RCD, ile swichi inayokata umeme ukivuja, nayo haitakata, kwa sababu hakuna umeme unaovuja. Ndiyo maana kasoro hii inaunguza nyumba ambayo vifaa vyake vyote vya kinga ni vizima.

Kubadilisha uso wa soketi hakutoshi. Jaribu testa yako kwanza kwenye sehemu unayojua ina umeme, zima mein swichi, kisha pima soketi. Ivute nje uangalie waya: ganda likiwa gumu na linavunjika, kata urudi nyuma mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa na ganda laini. Usipofika, vuta waya mpya. Menya milimita 8 hadi 10, kaza, halafu vuta kila waya kwa mkono. Ukicheza, hujakaza.

Ukiwa kwenye bodi ya umeme linganisha waya na breka. Waya wa milimita za mraba 1.5 breka ya ampea 10, wa 2.5 breka 16 au 20, wa 6 breka 32. Ukikuta waya wa 2.5 umefungwa breka 32, ujue breka ya zamani ilikuwa inakata, na mtu akaona dawa ni kuweka kubwa. Hapo waya ndio umekuwa fyuzi.

Timazi:

Bisibisi kasema vizuri. Mimi niingie kwenye ufa na unyevu, maana hivyo ndivyo vinavyokula hela.

Kwenye ufa usianze na upana, anza na rangi. Chukua tochi na lenzi, au kamera ya simu ukivuta karibu, uangalie ndani ya ufa. Rangi mpya ikiwa imeingia ndani na kingo zake ni za mviringo, ufa ulikuwapo kabla ya kupaka na huenda umetulia. Kingo zikiwa kali kama karatasi iliyochanwa, na ndani unaona plasta tupu ya kijivu, basi ufa umefunguka baada ya rangi. Ukuta bado unatembea, hata kama ni milimita 2 tu. Ufa wa milimita 2 unaotembea una uzito kuliko wa milimita 4 uliolala miaka kumi.

Kona za dirisha ndipo ukuta unapochanikia kwa kawaida, kwa sababu nguvu zote zinazozunguka uwazi zinakutana hapo. Sababu zinatofautiana. Linta (boriti ya juu ya dirisha) ikiwa fupi, haijalala ukutani angalau sentimita 15 kila upande, unaona ufa kwenye kona za juu na pengine dirisha linabana. Msingi ukizama upande mmoja wa nyumba, ufa unakuwa mpana juu na mwembamba chini, na unaonekana nje mahali pale pale. Ufa wa plasta kukauka tu haupiti upande wa pili. Kwa hiyo toka nje uangalie, gonga plasta kando ya ufa (sauti ya tupu maana yake imeachia tofali), weka pima maji (levo) sakafuni na kwenye kizingiti cha dirisha, angalia kama milango ya upande huo inakwaruza.

Kisha weka alama. Chora mistari mitatu ya penseli inayokatiza ufa: mwanzo, katikati, mwisho. Andika upana na tarehe kwenye kila mstari, na weka alama pale ncha ya ufa ilipoishia. Rudi msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, kwa sababu udongo wa mfinyanzi unavimba na kusinyaa, na kipimo cha msimu mmoja kinadanganya. Mpaka milimita 5 mara nyingi ni kazi ya kuziba na kupaka. Kati ya 5 na 15 unafungua matofali na kutafuta chanzo. Zaidi ya hapo aitwe mhandisi wa majengo, si fundi plasta.

Unyevu: unga mweupe ni chumvi. Maji yanapanda nayo ukutani, yanakauka usoni, chumvi inabaki na kuisukuma rangi. Paka tena na tena, itabanduka tena na tena. Swali ni maji yanatoka wapi. Nje ya ukuta huo tafuta DPC, ile nailoni nyeusi juu ya msingi. Ardhi au zege la nje liwe chini yake kwa sentimita 15. Nyumba nyingi zinaharibikia hapo: inajengwa sawasawa, baadaye mtu anamwaga zege zuri la kuzunguka nyumba, linapita juu ya DPC, na maji yanapata daraja. Angalia pia gata. Bati lisilo na gata linadondosha maji chini, yanaruka ukutani kila mvua. Na ardhi iteremke kutoka ukutani, sentimita 15 katika mita 3 za kwanza.

Bomba linalovuja ukutani linafanana sana na unyevu wa ardhini. Funga kila koki, pamoja na ya kujazia tanki, soma mita ya maji, kaa saa mbili bila mtu kutumia maji, soma tena. Namba ikisogea kuna bomba linavuja. Kama huna uhakika ni maji ya ukutani au jasho la hewa ya chumbani, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, acha siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni hewa ya chumba. Vile vipima unyevu vya sindano mbili visikutishe kwenye ukuta wenye chumvi, chumvi inapitisha umeme na kipimo kinapanda hata ukuta ukiwa umekauka.

Duara:

Nyongeza moja kwa Bisibisi, kabla mtu hajang'oa breka bure. Waya wa 2.5 kwenye breka 32 ni sahihi kama ni sakiti ya duara, ile ambayo waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote, kisha unarudi kwenye breka ile ile. Ukifungua utakuta waya mbili za moto chini ya skrubu moja. Lakini kuona mbili hakuthibitishi kitu, zinaweza kuwa matawi mawili tofauti. Zima umeme, zitoe zote mbili, pima kwa mita ya omu kutoka ncha moja hadi nyingine. Ikisoma chini ya omu moja hivi, duara limekamilika. Isiposoma, limekatika mahali, na hapo Bisibisi ana haki: weka breka 20.

Kuhusu RCD, bonyeza kitufe chake cha majaribio, ikate papo hapo. Iwe ya miliampea 30. Lakini wengi wanadhani kitufe kinapima na ethi (waya wa ardhini). Hakipimi. Kinatengeneza uvujaji ndani ya RCD yenyewe, kwa hiyo kitakata hata nyumba isiyo na ethi kabisa. Ethi inapimwa kwa kifaa chake. Kwa RCD ya miliampea 30 na fimbo ya ethi ya nje, ikizidi omu 200 usiitegemee, udongo ukikauka inapanda zaidi. Kabla hata ya kupima, tafuta klampu ya waya wa ethi kwenye fimbo. Mara nyingi imeota kutu au imelegea.

Mlango_Kati:

Asanteni sana wakuu. Hita imezimwa. Sasa mwenye nyumba anataka kuleta fundi azibe ufa na kupiga plasta ule ukuta wa sebuleni wiki hii. Nimkubalie? Na nondo je?

Timazi:

Usimkubalie. Hita na soketi afanye, hizo ni za usalama, na uwepo wakati soketi inafunguliwa. Ufa na unyevu aviache wazi kama vilivyo, mjadiliane kwenye bei. Akiziba leo, umepoteza kipimo chako pekee. Plasta ya saruji juu ya ukuta uliolowa nayo inafungia maji ndani. Baada ya kuondoa chanzo, ukuta unataka karibu mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 ya unene ili ukauke, kwa hiyo tofali la sentimita 15 lipe miezi sita ndipo upige plasta.

Bisibisi_Testa:

Nondo ni za pili kwa hatari baada ya hita, sawa na soketi. Moto ukianza jikoni au sebuleni, anayelala chumbani hana njia nyingine. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja lenye nondo za bawaba, zinazofunguka kwa ndani bila ufunguo. Kufuli ambalo ufunguo wake uko kwenye droo halihesabiki gizani kwenye moshi. Uwazi usiwe chini ya sentimita 45 kwa upana wala kwa kimo, na eneo lake lifike robo tatu ya mita kwa sentimita 45, yaani karibu theluthi moja ya mita ya mraba. Ukingo wa chini usizidi sentimita 110 kutoka sakafuni. Fundi wa kuchomelea anakata fremu iliyopo, anaweka bawaba mbili na komeo la ndani. Hakikisha bawaba haziondoki kwa nje, na komeo halifikiwi na mkono kupitia kioo. Ving'amuzi vya moshi viwe kwenye dari ya ukumbi na ya vyumba vya kulala. Tarehe ya kutengenezwa iko nyuma ya king'amuzi. Kikipita miaka 10 kibadilishwe hata kama bado kinalia.