Kompresa ya lita 200 inaishiwa upepo katikati ya boneti: nibadili pampu peke yake?

Rangi_Temeke

Habari za kazi wakuu. Gereji yetu inanyoosha bodi na kupiga rangi. Kompresa ina tangi la lita 200, pampu ya silinda mbili za mm 65, mota ya HP 3 ya fezi moja, mizunguko 2,850 kwa dakika. Puli ya mota ni mm 100, ya pampu mm 300. Bunduki ni HVLP (inayopuliza hewa nyingi kwa presha ndogo). Mlango mmoja unapigika vizuri, lakini ukihamia kwenye boneti geji inashuka hadi bar 3, rangi inatoka na chembe na uso unakuwa na vipele. Kutoka bar 6 hadi bar 8, bunduki ikiwa imefungwa, tangi linachukua dakika 3 na sekunde 20. Muuzaji ananishauri pampu ya silinda tatu za mm 80, niifunge kwenye tangi hilihili na mota hiihii. Itafaa?

Mota_na_Puli

Kwa mota hiyo, hapana. Vizuri kwamba umepima muda, maana hesabu yote inaanzia hapo.

Tangi la lita 200 likipanda bar 2 limeingiza lita 400 za hewa ya kawaida. Kwa sekunde 200, ni lita 120 kwa dakika. Bunduki nyingi za HVLP zinakula lita 300 hadi 430 kwa dakika. Kwa hiyo unapiga rangi kwa akiba ya tangi, na akiba ikiisha boneti inabaki njiani.

Je, pampu yako ikiwa nzima ingetoa ngapi? Puli zako zinaipa mizunguko 950 (2,850 × 100 ÷ 300). Tuseme pistoni inatembea mm 46: silinda mbili zinafagia sentimita za ujazo 305 kila mzunguko, yaani lita 290 kwa dakika. Hiyo ndiyo namba inayoandikwa kwenye kibandiko, na ndiyo inayowaponza wanunuzi. Hewa inayofika kwenye tangi la bar 8 ni kama asilimia 65 hadi 70 tu, kwa sababu hewa iliyobanwa juu ya pistoni hutanuka kwanza kabla vali haijavuta hewa mpya, na silinda ya moto huipanua hewa inayoingia. Bakiza lita 190 hadi 200.

Una matatizo mawili basi. Pampu imechoka, na hata ingekuwa mpya isingelisha bunduki hiyo.

Fundi wa Gerezani

Nakubaliana na hesabu, ila pampu ya sasa ifunguliwe kabla ya kuhukumiwa. Anza na filta ya hewa: itoe, washa kompresa, weka kiganja kwenye tundu. Ukisikia upepo unapuliza kurudi nje kila pistoni inapopanda, ulimi wa vali ya kuvutia umevunjika au una kaboni chini yake. Moshi na oili vikitoka kwenye kipumulio cha kreki, ringi zimeisha. Zima, jaza tangi, usikilize: upepo ukiendelea kuvuja kwenye presha swichi baada ya mota kusimama, vali ya kuzuia upepo usirudi haifungi.

Ukifungua kichwa, utaona vile vibati vyembamba vya chuma juu ya sahani ya vali. Viangalie kwenye mwanga: kingo zisiwe na ufa, na kaboni nyeusi isiwe imejenga ngazi pale vinapokalia. Mwaga mafuta ya taa kidogo juu ya vali. Yakipenya mara moja, haizibi. Kausha kabisa kabla ya kufunga. Ringi itoe, isukume ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya wake kwa fila geji (vibati vya kupimia mwanya). Kwa silinda ya mm 65, mm 0.2 hadi 0.35 ni salama. Ikipita mm 0.6 badilisha.

Kama mfuko ni mwepesi, seti ya vali, ringi na gasketi pamoja na bunduki inayokula hewa kidogo (soma karatasi yake, isizidi lita 150 kwa dakika) itakutoa kwenye boneti. Kwa basi au gari zima kwa siku moja, hapana.

Rangi_Temeke

Shukrani wakuu. Magari mazima yanakuja kila wiki, kwa hiyo nataka kuongeza kabisa. Kwa nini basi mota ya HP 3 isiivute pampu kubwa, hata polepole?

Mota_na_Puli

Itaivuta ukiipunguza mwendo, lakini hutapata upepo zaidi. Kwenye bar 7 hadi 8, HP moja ya kompresa ya pistoni hutoa lita 80 hadi 100 kwa dakika, pampu iwe kubwa au ndogo. HP 3 ni lita 300 siku ikiwa njema. Tena kupunguza mwendo kuna mpaka. Pampu nyingi hizi hurusha oili kwa kijiti kilicho chini ya koneksheni rodi; ikizunguka chini ya mwendo ulioandikwa na kiwanda, oili haifiki juu na bushi zinakauka. Na kwa mota ya 2,850 ungehitaji puli ndogo kiasi kwamba mkanda wa B (saizi ya mkanda wa puli) unateleza na kupasuka.

Fanya hivi. Bunduki ya lita 350, ongeza robo ili pampu ipate kupumua: karibu lita 440. Silinda tatu za mm 80, pistoni ikitembea mm 60, zinafagia sentimita za ujazo 905 kila mzunguko. Kwa mizunguko 700 ni lita 634, na asilimia 70 yake ni lita 443. Inahitaji mota ya kW 4 (HP 5.5), ya mizunguko 1,440. Puli ya pampu ikiwa mm 400, ya mota iwe mm 194, mikanda miwili ya B. Angalieni hapa: jedwali za puli za Marekani zimeandikwa kwa umeme wa Hz 60. Kwetu ni Hz 50, mota inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, kwa hiyo usinakili kipenyo chao.

Umeme uwe fezi tatu. Mota hiyo itavuta ampea 8 hadi 9 tu. Kwa fezi moja ingevuta kama 24, na wakati wa kuwaka mara kadhaa ya hapo. Presha swichi isibebe mota moja kwa moja, iwashe kontakta (swichi kubwa ya mota) yenye ovalodi (kinga inayokata umeme mota ikizidiwa) iliyowekwa kwenye ampea za kibao cha mota. Ukiwasha, puli ipulize hewa kuelekea kwenye silinda. Ikizunguka kinyume, badilishana nyaya mbili.

Bomba Kavu

Tangi halijaguswa kwenye mazungumzo haya, na ndilo linaloua. Soma kibao chake. Sefti vali ifunguke kwenye presha isiyozidi ya kibao, na iwe na uwezo wa kutoa upepo wote wa pampu mpya, maana ile ya zamani ilichaguliwa kwa pampu ndogo. Kama kibao hakisomeki au chini kuna kutu ya magamba, lipimwe kwa maji mara 1.5 ya presha yake na mkaguzi wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) alione. Usichomelee chochote kwenye tangi. Pampu mpya ikikataa matundu ya zamani, weka sahani ya mm 10 uifunge kwa bolti juu ya kiti kilichopo.

Bomba la kutoka kwenye pampu liwe la shaba au chuma, lisiwe jembamba kuliko tundu la pampu, na vali ya kuzuia upepo usirudi iwe ya kipimo hicho. Ukiweka ile ndogo ya zamani, kichwa kitachemka na oili itaungua kuwa kaboni. Presha swichi iwashe bar 5, izime bar 7. Bunduki inataka bar 2 tu, hakuna sababu ya kuichosha pampu hadi 8. Kichuja maji kikae mita 7 au 8 mbali, upepo ukiwa umepoa, kwa sababu kwenye upepo wa moto maji bado ni mvuke, yanapita kichujani na kudondoka ndani ya mpira wa bunduki. Kwa unyevu wa Dar fungua koki ya chini kila jioni.

Oili ni ya kompresa, ISO VG 100 (kipimo cha unene wake). Ya injini ina sabuni inayoshikilia maji na kuacha kaboni kwenye vali. Washa kwanza nusu saa tangi likiwa wazi, kaza bolti za kichwa ikishapoa, na umwage oili baada ya saa 50. Kisha pima kutoka bar 5 hadi 7: iwe sekunde 54 hivi. Andika muda huo kwa rangi ubavuni mwa tangi, na siku ukifika dakika moja na nusu, fungua vali.