Kenya na Tanzania: nani hasa anawafikisha watoto mwisho wa shule?

Nyati wa Mara: Watanzania, hizi sifa zenu kwamba mnaandikisha watoto wengi shuleni zimezidi. Kuandikisha ni kazi ya Januari, shughuli ni kumaliza. Kenya karo ya msingi ilifutwa 2003, ya sekondari za kutwa 2008, na tangu 2018 sera ni kila anayemaliza msingi aingie sekondari. Kwenu wengi wanaishia la saba. Tena mlikuwa mnafukuza mabinti wajawazito, hao wahitimu mngewatoa wapi?

Mwalimu wa Kata: Mkuu, tukubaliane kwanza tunapima nini. Msingi kwetu ni miaka saba, kwenu enzi za mfumo wa 8-4-4 ilikuwa minane, kwa hiyo "aliyemaliza msingi" si mtu yuleyule. Na uandikishaji wa jumla unaweza kuvuka asilimia 100 kwa sababu unahesabu hata mtoto wa miaka 15 aliyeko la nne, aliyepita umri wa msingi. Hiyo si sifa kwa nchi yoyote.

Binti Mtwara: Mabinti usiwataje kirahisi hivyo, kaka. Katazo liliondolewa Novemba 2021. Mdogo wangu aliachia kidato cha pili, akarudi kidato kilekile ana mtoto nyumbani, akakaa na wenzake waliokuwa la sita siku anaondoka. Amemaliza. Mweke kwenye hesabu zako.

Nyati wa Mara: Hongera zake, dada, natoka moyoni. Ila 2021 ni juzi. Kenya sera ya kuwarudisha ipo tangu 1994.

Binti Mtwara: Sera! Sera haimlelei mtu mtoto akiwa darasani. Huko kwenu wanaobaki nyumbani wako wengi, au hao huwaoni?

Otieno wa Kutwa: Mnavutana 1994 na 2021, na mtoto anarudishwa nyumbani leo asubuhi. Serikali yetu ya Kenya ilipanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Zikichelewa, mzigo unamwangukia mzazi. Nilikuwa nasikia jina langu likisomwa paredini kwa deni la chakula, nachukua mkoba natoka, wenzangu wanaingia kwenye kipindi cha hesabu. Kwenye takwimu nilikuwa nimeandikishwa.

Mwalimu wa Kata: Hapo umesema, mdogo wangu. Kwetu ada hadi kidato cha nne iliondolewa 2016, lakini uji na makande ni mchango wa wazazi. Asiyechanga anakaa chini ya mwembe wenzake wakila. Vipindi vya mchana daftari langu la mahudhurio linajaa alama nyekundu.

Nyati wa Mara: Sasa tumehamia makande? Mzazi ashindwe hata kulisha mwanawe?

Otieno wa Kutwa: Mamangu alikuwa anafua nguo za watu, mzee. Usimguse.

Mwalimu wa Kata: Chakula cha shule kilipiwe na serikali, pande zote mbili. Anayepinga aseme huyo wa chini ya mwembe asome na nini tumboni.

Nyati wa Mara: Napinga. Walimu wenyewe hawatoshi, pesa ianzie hapo.