Gesi ya kuni kwenye injini ya petroli: mtambo wa kuni au wa mkaa?

Msafiri_wa_Mbali: Ndugu wanajamvi, ninalo gari la petroli la silinda nne, lenye kabureta, na ninakusudia kuliendesha kwa gesi ya kuni, yaani gesi inayowaka itokayo kwenye kuni au mkaa ukiungua kwa hewa kidogo ndani ya mtambo. Nimekwama kati ya mtambo wa kuni wa aina ya Imbert, ambao hewa na gesi huelekea chini, na mtambo wa mkaa, ambao naona ni rahisi kuunda. Safari zangu ni fupi na zina vituo vingi.

Fundi_Tanuri: Adui wako ni lami, yaani ule utomvu mweusi unaonata utokao kwenye moshi wa kuni. Katika mtambo wa Imbert, moshi wa kuni hulazimika kupita kwenye koo jembamba lililojaa makaa mekundu, na hapo ndipo lami huvunjika kuwa gesi. Lakini koo hilo hupimwa kulingana na injini: ukienda polepole muda mrefu linapoa, na lami inapenya. Mimi nilishinda siku nzima nikizungusha injini kwa mwendo wa taratibu, na asubuhi yake valvu za kuingiza zilikuwa zimenata kama zimepakwa gundi, hata ikanibidi nifungue silinda hedi. Tena kuni ziwe vipande vidogo, zenye unyevu usiozidi asilimia 20.

Mkaa_Mweusi: Kwa safari za namna hiyo, mkaa una nafuu, kwa kuwa lami yake iliondoka wakati wa kuuchoma. Hata hivyo, moto wake ni mkali mno: majivu huyeyuka na kuganda kama mawe mbele ya bomba la hewa. Mimi hurudisha sehemu ndogo ya moshi wa ekzosi ndani ya mtambo ili kuupoza. Kumbuka pia kwamba zaidi ya nusu ya nishati ya kuni hupotea katika kutengeneza mkaa.

Fundi_Tanuri: Hilo la mwisho ndugu yangu amelitaja kwa haraka, na kwangu ndilo zito. Takriban kilo 3 za kuni kavu hushika nafasi ya lita 1 ya petroli. Kuni hizo ukizigeuza mkaa kwanza, utahitaji mzigo mkubwa zaidi.

Bi_Pistoni: Kwa vyovyote, tarajia nguvu kupungua kwa theluthi hadi nusu, maana karibu nusu ya gesi hiyo ni naitrojeni isiyowaka. Sogeza mbele muda wa plagi kuwasha, kwa sababu gesi hii huungua taratibu. Wenye dizeli hawaachani nayo kabisa, kwani gesi haijiwashi yenyewe bila dizeli kidogo.

Msafiri_wa_Mbali: Basi nitaanza na mkaa. Je, usiku naweza kuliegesha gari ndani ya banda?

Bi_Pistoni: Hapana, ndugu yangu. Mtambo huendelea kutoa gesi hata injini ikishazimwa, na kaboni monoksidi iliyomo huua bila kunusika. Liache nje, ukiwa umeziba tundu la hewa na kufunga kifuniko cha juu.