Picha za kung fu za zamani: tunapenda ufundi au tunapenda kuona mtu anaumia?

Mkongwe wa Kibanda Umiza
Wakuu, jana nusura nigombane na mpwa wangu sebuleni. Nimemwekea picha la Kichina la mwaka 1978, lile Gordon Liu anapita chumba hadi chumba cha mafunzo kwenye hekalu la Shaolin. Dakika kumi tu, dogo ananiuliza, "Mjomba, sasa wanapigana saa ngapi?" Nikaona nililete hapa.

Mimi nasema picha zile hazijapata mpinzani, kwa sababu unaiona miguu. Lau Kar-leung, aliyeliongoza lile picha, alikuwa anaweka kamera mbali, anawaacha watu wapigane mapigo mengi mfululizo bila kukata. Hapo huwezi kudanganya. Na kung fu kairithi: gwiji wa zamani Wong Fei-hung alimfundisha Lam Sai-wing, Lam akamfundisha baba yake Lau, baba akamfundisha mwanawe. Za leo kamera inatetemeka, teke moja limekatwa vipande vitatu, pambano linaisha hujui nani kampiga nani.

Halafu lile zoezi la kubeba ndoo za maji mikono imenyooshwa, visu vimefungwa mkononi, ukilegea tu vinakuchoma mbavu! Sehemu kubwa ya picha ni mtu anajifunza. Stelingi anaanza hajui kitu, anachekwa, anaanguka majini. Sisi watoto wa uswahilini tulikuwa tunatoka pale tunakwenda kubeba ndoo hivyo hivyo bombani. (Nyumbani nilichapwa kwa maji niliyomwaga, hilo tuliache.)

Fundi Kamera
Mkuu, hapo kwenye "huwezi kudanganya" umeteleza. Walidanganya vizuri sana. Kamera inarekodi fremu (picha moja moja) 22 kwa sekunde badala ya 24, ukija kuonyesha kwa mwendo wa kawaida ngumi zinaruka kama umeme. Kupaa ukutani ni waya au trampolini. Mlio wa ngumi umewekwa studio, na maneno pia, ndiyo maana mtu kashafunga mdomo sentensi bado inaendelea.

Na wengi hawakutoka hekaluni. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa na mwalimu Yu Jim-yuen kwenye shule ya opera ya Peking, ile michezo ya jukwaani ya Kichina, pale Hong Kong: kuimba, kujipaka rangi usoni, sarakasi. Opera ilipokosa watazamaji, wakaenda kwenye sinema kuanguka kwa niaba ya mastaa. Unachokiangalia ni ngoma, mkuu. Sikiliza mdundo: pa-pa, pa, kimya, pa.

Shangazi wa Tanga
Ngoma gani ya kupasuka fuvu? Mwaka 1986 Jackie Chan alianguka kutoka mtini kule Yugoslavia, akafanyiwa upasuaji wa kichwa. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameteremka kwenye nguzo yenye taa ndani ya duka kubwa, viganja vikaungua. Huyo ni staa, tunamjua. Wale waliorushwa kwenye vioo humo dukani, kuna mmoja hapa anamtaja jina?

Na hiyo shule mnayoisifia, fimbo ndiyo ilikuwa ratiba. Jackie alisainiwa mkataba wa miaka kumi akiwa mtoto mdogo. Angekuwa wa jirani yako ungepiga makofi? Picha za kompyuta naziona baridi kama uji wa jana, nakubali, lakini hakuna anayevunjika.

Babu Kisauni
Vijana mnabishania kamera. Bruce Lee kwenye picha la mwaka 1972, Shanghai, mlango wa bustani, kibao kimeandikwa mbwa na Wachina hawaruhusiwi. Anakirusha hewani, anakipasua kwa teke. Sisi tuliokuta vilabu vya Wazungu peke yao hatukuhitaji mtafsiri. Mnazungumzia waya, mimi nazungumzia kibao.

Fundi Kamera
Mzee, hiyo naikubali, ila hata kibao ni propu, kifaa cha kuigizia tu.

Babu Kisauni
Chetu hakikuwa propu.

Mkongwe wa Kibanda Umiza
Babu, shikamoo, hapo sina neno. Shangazi ndiye kanishika pabaya. Nilikuwa najiandaa kujibu kwamba wale walijitolea wenyewe, nikakumbuka picha za Jackie majina yakianza kupanda mwishoni: zile ajali za wakati wa kurekodi, mtu anabebwa kwenye machela, mwingine damu puani. Kibandani hakuna aliyekuwa anatoka. Tulimpigia kelele mwenye video arudishe mkanda, na akirudisha tunacheka zaidi ya mara ya kwanza.

Mpwa wangu ile sehemu aliitazama jana usiku. Hakucheka. Aliniuliza kama yule wa kwenye machela alipona, na mimi miaka yote hiyo sijawahi kujiuliza.

Shangazi wa Tanga
Ukamjibuje?

Mkongwe wa Kibanda Umiza
Nilimwambia akalale.